Ubia na Kampuni Inayoumwa

Desemba 2024, siku chache baada ya kuondoka kwenye kiti cha mkurugenzi mkuu wa Intel, Pat Gelsinger aliandika ombi ambalo wakuu wa kampuni za teknolojia hawana mazoea ya kuliandika. Alisema kila Alhamisi yeye hufunga na kuomba kwa saa 24, na wiki ile akawaalika watu wajiunge naye kuwaombea wafanyakazi wapatao 100,000 wa kampuni aliyoiacha. Gelsinger ni Mkristo asiyeficha imani yake. Miezi minne nyuma, hisa za Intel zilipoporomoka kwa asilimia 26 kwa siku moja, aliweka mtandaoni aya ya kitabu cha Mithali inayomtaka mtu atazame mbele bila kuyumbisha macho.

Wiki ile ya mfungo hisa moja ya Intel iliuzwa kwa dola 20 hivi. Mtu mwenye akiba yake, awe Mombasa au Muscat, angeweza kuinunua kwa simu kabla chai haijapoa. Je, angekuwa anafanya nini hasa? Kumsaidia mgonjwa, kucheza pata potea kando ya kitanda chake, au kungojea mirathi?

Ugonjwa wenyewe haukuanza jana. Intel ilianzishwa mwaka 1968 na Robert Noyce na Gordon Moore. Mwaka 1971 ikatoa prosesa yake ya kwanza, 4004, na baadaye kwa miongo kadhaa kompyuta nyingi duniani zikawa zinaendeshwa na chipu zake. Mwaka 2000 hisa moja ilifika dola 75 hivi. Kisha makosa yakafuatana. Iliiacha nafasi ya kutengeneza chipu ya iPhone. Chipu zake za nanomita 10 zikachelewa kwa miaka, na kampuni ya TSMC ya Taiwan ikaipita. Mwaka 2020 Apple ikatangaza kuziacha prosesa za Intel kwenye kompyuta zake za Mac. Katika miaka hiyohiyo kampuni ilikuwa imetumia zaidi ya dola bilioni 100 kununua tena hisa zake yenyewe ili bei ipande na wenye hisa wafurahi, fedha ambazo zingejenga viwanda. Akili mnemba ilipovuma, aliyevuna ni Nvidia. Agosti 2024 Intel ikatangaza kupunguza watu wapatao 15,000 na kusimamisha gawio lililokuwa likilipwa tangu mwaka 1992. Mwaka ukafungwa kwa hasara ya dola bilioni 18.8.

Wanaosema kuinunua hisa ya namna hii ni kamari hawasemi bure. Kijana aliyezoea kubeti mpira, akifungua programu ya hisa, haoni tofauti kubwa: tarakimu nyekundu, tarakimu za kijani, na mkeka unaochanika au usiochanika. Qur'ani imeiharamisha kamari bayana, na wanazuoni wakaongeza onyo juu ya gharar, yaani biashara iliyofunikwa na kiza, ambapo mnunuzi hajui anachokinunua. Lakini kiza ni kitu kimoja na uwezekano wa hasara ni kitu kingine. Msafara wa mali ya Bi Khadija aliouongoza Muhammad kwenda Sham ungeweza kuporwa njiani, wala hakuna aliyeuita kamari. Palikuwa na bidhaa, palikuwa na kazi, na palikuwa na makubaliano ya nani anapata nini.

Kwa Intel pia kipo kitu cha kushika. Katika kiwanda chake cha Chandler, Arizona, kisahani cha silikoni chenye upana wa milimita 300, chembamba kuliko sarafu na king'avu kama kioo, hubebwa na roboti kutoka mashine moja hadi nyingine. Kinapakwa dawa inayobadilika ikipigwa mwanga, kinapigwa mwanga kupitia mchoro, kinaoshwa, kinachongwa kwa gesi, kisha mzunguko unaanza upya. Hatua ni mamia, na safari huchukua miezi. Chembe moja ya vumbi ikitua mahali pake, chipu iliyo chini yake imekufa. Mwisho wa safari kisahani kinakatwa, na swali linalobaki ni chipu ngapi zimetoka nzima. Hesabu hiyo, ya nzima na mbovu katika kila kisahani cha teknolojia mpya inayoitwa 18A, ndiyo mapigo ya moyo wa kampuni hii. Anayenunua hisa zake bila kuwahi kujiuliza kuhusu hesabu hiyo amenunua jina tu. Huyo yumo kizani hata kama ana risiti, na hapa neno gharar linamfaa yeye kuliko kampuni.

Basi tuseme mnunuzi amesoma, ameelewa, na ni Mwislamu anayetaka kuwa na uhakika na dini yake. Atakutana na vipimo. Taasisi ya AAOIFI yenye makao yake Bahrain, ambayo viwango vyake vinafuatwa na benki nyingi za Kiislamu, inataka mikopo ya riba ya kampuni isizidi asilimia 30 ya thamani ya hisa zake zote sokoni, na mapato yasiyo halali yasizidi asilimia 5, na hayo machache mwenye hisa ayatoe kwa wahitaji ili kuitakasa faida yake. Hesabu inaenea kwenye nusu karatasi. Mwishoni mwa 2021 Intel ilidaiwa dola bilioni 38, na thamani yake sokoni ilikuwa kama bilioni 209. Gawanya: asilimia 18. Imepita. Mwishoni mwa 2024 deni lilikuwa bilioni 50 na thamani sokoni imeshuka hadi bilioni 87 hivi. Gawanya tena: asilimia 57. Imeanguka, na imeanguka mbali.

Sehemu ya kutazama kwa makini ni hii. Hata kama Intel isingekopa senti moja zaidi katika miaka ile mitatu, deni lake la zamani la bilioni 38 lingekuwa asilimia 44 ya thamani mpya, na kipimo kingelikataa vilevile. Bei peke yake, yaani woga wa wauzaji, ingetosha kulitoa jina la kampuni kwenye orodha. Ndiyo kusema hukumu ya halali ingekuwa inapanda na kushuka pamoja na moyo wa soko.

Si hivyo tu. Wapo wanaopima deni dhidi ya mali yote ya kampuni, viwanda na mashine zikiwemo, badala ya bei ya hisa. Mali ya Intel mwishoni mwa 2024 ilikuwa dola bilioni 196 hivi, na deni lilikuwa kama robo yake. Ukomo wa kipimo hicho ni theluthi, basi kampuni ileile, siku ileile, inapita. Wengine hutumia wastani wa thamani ya soko kwa miezi 24 ili mshtuko wa wiki moja usiwababaishe. Na juu ya wote limesimama azimio la Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lililokutana Jeddah mwaka 1992, lililosema kwamba asili ya hukumu ni kutonunua hisa za kampuni inayojihusisha na riba, hata kama kazi yake kuu ni halali.

Muumini akiona hivyo anaweza kukata tamaa, au akachagua kipimo kinachompa jibu alilolitaka tangu mwanzo. Hilo la pili ndilo baya. Vipimo hivi ni jitihada za watu waaminifu waliojaribu kuiwekea mipaka dunia ambamo karibu kila kampuni kubwa inakopa kwa riba. Kutofautiana kwao hakuvifanyi kuwa upuuzi. Ila anayevitumia inampasa achague kimoja kabla hajaitazama bei, akishike hicho katika kila hisa, ya Intel na ya jirani yake, mwaka wa neema na mwaka wa njaa.

Kuna jambo jingine ambalo mahubiri ya uwekezaji hulipita haraka: fedha inakwenda kwa nani? Mtu akinunua hisa ya Intel sokoni, dola zake haziendi Arizona kununua mashine. Zinakwenda kwa muuzaji, pengine mtumishi aliyepunguzwa kazini anayeuza alichonacho, pengine mfuko wa pensheni uliochoka kungoja. Kampuni haipokei kitu. Kwa hiyo yule anayejiambia kwamba ananunua ili kuiokoa Intel hajauelewa mkataba wake.

Walioipa fedha mkononi wanajulikana. Agosti 2025 SoftBank ya Japani ilikubali kununua hisa mpya za dola bilioni 2. Siku chache baadaye serikali ya Marekani ikachukua karibu asilimia 10 ya kampuni, hisa milioni 433.3 kwa dola 20.47 kila moja, ikigeuza ruzuku iliyokwisha kuahidiwa kuwa umiliki. Septemba ikaja Nvidia, mshindani aliyekuwa amechukua nafasi ya Intel kwenye kipimo cha hisa cha Dow Jones mwaka uliotangulia, na ahadi ya dola bilioni 5. Mwenye hisa 50 aliyeko Tanga au Sharjah ghafla akajikuta ana mshirika mpya mezani, serikali ya Marekani, ambaye wiki mbili tu kabla ya kuingia rais wake alikuwa amemtaka hadharani mkurugenzi mkuu mpya, Lip-Bu Tan, ajiuzulu. Hakuombwa rai, na sehemu yake ikapungua.

Neno ubia linabeba uzito hapa. Mbia hashiriki faida peke yake. Kiwanda kimoja kikubwa cha Intel kipo Kiryat Gat, Israel, na kampuni imekuwa ikifanya kazi nchini humo tangu mwaka 1974. Kwa waumini wengi, baada ya yaliyowapata watu wa Gaza, mjadala unaishia hapo kabla ya hesabu yoyote ya deni, na haifai kuwadharau kwa kutumia dhamiri badala ya kikokotoo.

Kwa Waswahili wa Kivu jambo limekaa karibu zaidi. Tantali, madini yatokanayo na koltani, huingia kwenye vifaa vya kielektroniki kila mahali. Januari 2014 Brian Krzanich, aliyekuwa akiiongoza Intel, alisimama Las Vegas akatangaza kwamba prosesa za kampuni sasa hazina madini yanayogharimia vita vya Kongo. Kazi ilikuwa ya kweli: watu wa kampuni walikwenda kwenye viwanda vya kuyeyushia madini na kufuatilia magunia yalikotoka. Inastahili kuhesabiwa upande wa mema. Lakini Aprili 2024 waasi wa M23 waliuteka Rubaya, mji wa machimbo yanayokadiriwa kutoa asilimia 15 ya tantali ya dunia, na kazi ya kujua gunia limetoka wapi ikawa ngumu upya. Mwenye hisa anayo haki ya kuuliza juu ya magunia hayo kwenye mkutano wa mwaka, na kwa kuwa ni mbia, ni wajibu wake pia.

Upande wa makanisa, hoja ya kuwekeza kwa kawaida huletwa na mfano wa talanta, Mathayo sura ya 25, ambamo mtumwa aliyeifukia fedha ardhini kwa woga analaumiwa. Wahubiri huutumia kuwahimiza watu wathubutu. Ni sawa, lakini talanta ile haikuwa yake. Ilikuwa amana ya bwana wake, aliyempa kwa kadiri ya uwezo wake. Karo ya mtoto ni amana. Fedha ya kikoba ni amana ya wanachama wote. Kuiweka kwenye kampuni iliyopoteza dola bilioni 18.8 kwa mwaka mmoja ni kuthubutu kwa mali ya mwingine, na hakuna andiko linalobariki jambo hilo.

Intel yenyewe ilipata sehemu ya mtaji wake wa kwanza kwa watu waliojua wanamkopesha nani imani yao. Noyce alikuwa mtoto wa mchungaji, aliyesoma katika chuo kidogo cha Grinnell, Iowa. Akiwa mwanafunzi aliiba nguruwe kwa ajili ya sherehe akasimamishwa muhula mzima, kisha chuo kikampokea tena. Alipoanzisha kampuni, chuo kilitoa dola 100,000 na wadhamini wake wawili, Joseph Rosenfield na Samuel Rosenthal, wakaongeza 200,000. Hisa hizo zilipouzwa kati ya 1974 na 1980 chuo kilipata kama dola milioni 14. Hawakuwa na ripoti ndefu ya kusoma. Walikuwa wamemwona kijana akikosea na akirekebika.

Yule mwenye akiba wa Desemba 2024 hakuwa na ujuzi wa namna hiyo. Kama alishika kipimo cha AAOIFI kwa uaminifu, alijizuia. Mwishoni mwa 2025 hisa ilikuwa imepita dola 35. Deni lilikuwa limepungua kidogo chini ya bilioni 50, na thamani ya soko imepanda kiasi kwamba uwiano ulikaribia robo: kampuni imerudi ndani ya mpaka, kwa bei ya juu kwa zaidi ya nusu. Utii wake ulimgharimu kama dola 15 kwa kila hisa ambayo hakuinunua. Aliyenunua alizipata, huku Intel ikiwa imetangaza mwezi Julai kwamba itamaliza mwaka na wafanyakazi wapatao 75,000. Maelfu ya wale walioombewa Alhamisi ile walikuwa wameshakabidhi vitambulisho vyao mlangoni.