Mashine Iliyobaki Kwenye Michoro

Mwaka 1821, mwanahisabati Charles Babbage na rafiki yake John Herschel walikuwa London wakikagua majedwali ya hesabu za falaki, na kila walipogeuza ukurasa walikuta makosa. Lilikuwa jambo zito. Majedwali ndiyo yaliyomwongoza nahodha baharini, na mtu wa bima alipanga viwango vyake kwayo. Kila tarakimu ilikokotolewa na mtu, ikanakiliwa na mtu mwingine, kisha ikapangwa na mchapaji kwa herufi za risasi, na popote njiani mkono ungeweza kuteleza. Babbage akakusudia kuutoa mkono wa binadamu katika kazi hiyo kabisa.

Wazo lake lilikuwa la kupendeza. Chukua namba zilizozidishwa kwa zenyewe: 1, 4, 9, 16, 25. Tofauti baina yake ni 3, 5, 7, 9, na tofauti za tofauti hizo ni 2 siku zote. Basi huhitaji kuzidisha chochote ili upate namba inayofuata: 9 ongeza 2 ni 11, na 25 ongeza 11 ni 36. Ni kujumlisha tu, na kujumlisha gurudumu la meno linaweza. Mwaka 1822 alikuwa na mfano mdogo wa kuonyesha. Mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikaanza kumpa fedha.

Alimchukua Joseph Clement, bingwa wa kuchonga vyuma. Mashine ilihitaji vipande kama 25,000, na Babbage alitaka kila kimoja kitoke bila kasoro, hata ikabidi zana za kuvichongea nazo zibuniwe kwanza. Miaka ikapita. Mwaka 1832 Clement aliunganisha sehemu ndogo tu ya mtambo, kama moja ya saba ya upande wa kukokotoa, nayo ikafanya kazi barabara. Babbage aliiweka nyumbani kwake, na wageni wakawa wanakuja kuitazama.

Hapo ndipo ninapoumia kila ninapoisoma habari hii. Alikuwa na kitu kinachojumlisha bila kukosea, mbele ya macho ya watu. Angeweza kujiuliza ni jedwali gani dogo, lenye faida kwa mtu mmoja tu, lingepatikana kwa kuanzia hapo. Mwaka 1833 alikosana na Clement kuhusu malipo na kuhamishwa kwa karakana, kazi ikasimama. Kufika 1834 akili yake ilikwishahamia kwenye mashine nyingine kubwa zaidi, ambayo baadaye aliipanga iendeshwe kwa kadi zenye matundu, na ile ya kwanza ikaonekana duni machoni pake. Mwaka 1842 serikali ikafunga mkoba, ikiwa imekwishatumia zaidi ya pauni 17,000. Vipande vingi vilivyokwisha kuchongwa viliishia kuyeyushwa kama chuma chakavu. Baadaye alichora upya mashine ya kujumlisha, safari hii nyepesi na yenye vipande vichache zaidi, lakini nayo ikabaki kwenye karatasi. Alifariki mwaka 1871.

Nisimwonee. Ugomvi na fundi ulikuwepo, siasa zilikuwepo, na fedha za umma zina masharti yake. Lakini mtu ambaye kila akipata wazo bora hulisukuma kando lililo mkononi, hata angepewa hazina nzima, asingemaliza.

Huko Stockholm, mchapishaji aitwaye Georg Scheutz alisoma makala kuhusu mashine ya kwanza ya Babbage mwaka 1834. Hakuwa na fedha za serikali wala fundi kama Clement. Alikuwa na mwanawe Edvard, kijana mwanafunzi. Wakajenga kwa zana za kawaida, fremu ikiwa ya mbao, na kufika 1843 mfano wao ulikuwa unakokotoa. Mashine kamili ilikuwa tayari mwaka 1853, ikapata medali ya dhahabu kwenye maonyesho ya Paris ya 1855, kisha ikanunuliwa na kituo cha kutazama nyota cha Albany, Marekani. Nyingine ilitengenezwa kwa ajili ya ofisi ya takwimu za vizazi na vifo ya Uingereza, ikatumika kuandaa majedwali ya umri wa kuishi yaliyotoka mwaka 1864. Ilikwama mara kwa mara na ilihitaji kuangaliwa kama mgonjwa, maana haikuwa na kinga alizozibuni Babbage. Wala haikuwatajirisha wenyewe. Lakini kasoro zake zilijulikana, kwa kuwa kulikuwa na mtu anayezungusha mpini. Babbage mwenyewe, kwa moyo mkubwa, aliwapokea na kuwasifu.

Simtetei fundi wa bora liende. Nahodha aliyepewa jedwali bovu hugonga mwamba. Ninayemsemea ni kijana aliyefungia muswada kabatini mwaka wa nne sasa, na mwanafunzi anayefuta insha yake mpaka karatasi inachanika halafu harudishi chochote kwa mwalimu. Wanadhani wanalikimbia kosa, kumbe wanalihifadhi. Kupotea njia ndiko kujua njia, na asiyetoka nyumbani hapotei wala hajui.

Ushahidi kuhusu michoro ya Babbage ulikuja kwa kuchelewa mno. Jumba la Makumbusho ya Sayansi la London liliamua kuijenga ile mashine ya kujumlisha aliyoichora upya, kwa kufuata michoro yake, na mwaka 1991, mwezi mmoja kabla ya kutimia miaka 200 tangu kuzaliwa kwake, sehemu ya kukokotoa yenye vipande kama 4,000 ikawa inafanya kazi. Alikuwa sahihi. Lakini wajenzi hao waligundua pia kwamba michoro ile aliyoipanga kwa uangalifu wote ilikuwa na makosa, na baadhi ya sehemu, kama zilivyochorwa, zisingeweza kufanya kazi. Waliyarekebisha wakaendelea na kazi. Yalikuwa humo tangu miaka ya 1840, na fundi yeyote wa enzi zake angeyakuta mara tu alipojaribu kuunganisha vipande.