Mjukuu wa Jaji Mkuu

Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu wa Uganda aliyetekwa na kuuawa mwaka 1972, aliichezea New York Giants futiboli ya Kimarekani tangu 2006 hadi 2014. Kazi yake ilikuwa kusukumana mstari wa mbele, ili mrusha mpira wa wapinzani akose nafasi. Mwaka 2007 alihamishwa nyuma ya mstari, akakubali. Novemba akavunjika mguu, na wenzake wakatwaa ubingwa yeye akiwa majeruhi. Wapo watakaosema kombe lile si lake. Sikubaliani nao: juya halivutwi na mkono mmoja, na mnunuzi wa samaki hamwoni aliyeshika kamba ya mwisho.

Pingamizi la pili, la madhara kwa mwili, ni zito zaidi. Mchezo huu huumiza ubongo, na ligi yenyewe imewalipa fidia wastaafu. Hilo silipunguzi hata chembe. Ila Kiwanuka alipona mguu, akaumia shingo 2010, akarudi tena. Februari 2012 alikuwa uwanjani Giants walipoifunga New England Patriots 21 kwa 17 katika fainali ya ligi, mjini Indianapolis, alikozaliwa.