Ngozi ya Mama

Hapa Auburn, magharibi mwa Sydney, mimi ndiye ninayemtawadhisha mama. Nikifinya ngozi ya mgongo wa mkono wake, mkunjo hubaki umesimama; yangu hurudi papo hapo. Kinachoirudisha ni elastini, protini ambayo mwili huitengeneza hasa kabla ya kuzaliwa na utotoni, kisha huacha karibu kabisa.

Katika Chuo Kikuu cha Sydney, Profesa Anthony Weiss na wenzake wameweza kutengeneza malighafi yake, tropoelastini, maabarani. Ni kuingilia kazi ya Mungu? Hapana: aliyetupa elastini kabla hatujajua kuomba ndiye aliyetupa akili ya kutibu ngozi iliyoungua. Lakini mwaka 2018 kampuni iliyozaliwa chuoni humo, Elastagen, ilinunuliwa na Allergan, wakati huo wenye Botox, dawa ya makunyanzi. Hapo ndipo imani yangu inapouliza: aliyeungua moto atatangulizwa mbele ya anayechukia makunyanzi?