Je, Kunyamaza ni Huruma?

Watu waliosoma pamoja wakikutana baada ya miaka mingi, huanza na habari za nyumbani. Nani amefariki, nani amejenga, mvua imekuwaje, mwalimu fulani bado yu hai? Kisha huja kicheko, na baada ya kicheko huja majina. Jambo hili ni jema, wala hatuandiki ili kulikemea. Twaandika kwa sababu mwaka huu jambo hili jema lilituzalia swali gumu, nasi tumeona afadhali tulilete mbele ya wasomaji wa gazeti letu la parishi kuliko kukaa nalo peke yetu.

Sisi tunaoandika tulikulia Tukuyu, mji mdogo wa Rungwe ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg. Tuliingia darasa la kwanza Januari 1978, miezi michache tu baada ya Taifa kuanza mpango wa kumpatia kila mtoto elimu ya msingi. Madarasa yalijaa, na dawati la watoto wawili likakaliwa na wanne. Tulimaliza darasa la saba mwaka 1984. Waliochaguliwa kuendelea na sekondari walikuwa wachache sana. Wengine walibaki na jembe, chai na ndizi, na wengine wakaifuata barabara kuu hadi Mbeya, Makambako, Mafinga na Iringa. Waanglikana darasani tulihesabika kwa vidole, maana Rungwe imekuwa nchi ya Wamoraviani na Walutheri tangu wamisionari wao walipofika mwaka 1891, na baba zetu walikwenda huko kwa kazi ya Serikali. Lakini mvua ya Tukuyu ilitunyeshea wote, na kila asiyeijua mvua hiyo hajui maana ya neno mvua.

Basi mapema mwaka huu mwenzetu mmoja alifariki hapa Mbeya. Wenzetu wa Iringa walikuja kwa basi, na wa Rungwe wakapanda. Baada ya maziko tuliketi uani kwa wafiwa, na mazungumzo yakaanza kama ilivyo desturi. Tulikumbuka vita ya Kagera, jinsi tulivyoimba gwaride wakati hata hatukujua Kagera iko upande gani. Tulikumbuka miaka ya foleni, kipande cha sabuni kikigawanywa kwa uzi. Tulikumbuka Aprili 1984, redio ilipotangaza kifo cha Waziri Mkuu Sokoine, na mwalimu wetu wa kike akakaa chini mbele ya darasa asiseme neno.

Tena tulikumbuka mwaka 1986. Vijana wa siku hizi hawasadiki wakiambiwa kwamba timu ya mji wetu mdogo, Tukuyu Stars, ilipanda ligi kuu na mwaka huo huo ikauchukua ubingwa wa Tanzania. Ndivyo ilivyokuwa. Kila mmoja wetu husema alikuwapo uwanjani; kama wote wanaodai walikuwapo kweli, kuta za uwanja zingebomoka. Baadhi yetu tulikuwapo, maana mzee mmoja mwenye lori alitupakia bure kwenda Mbeya kutazama mchezo. Jioni ile alitajwa mara tatu. Wakasema, mzee yule alikuwa mtu wa watu, Mungu amweke mahali pema.

Ndipo ndugu mmoja akatoa daftari. Akashauri tuandike majina ya darasa zima, waliopo na waliotangulia, kisha tuchangie mabati ya shule yetu na kumkabidhi mwalimu mkuu orodha ile iwe kumbukumbu. Tukaanza kutaja dawati kwa dawati, na ikawa furaha kubwa. Tulipofika dawati la nne upande wa dirishani tukataja majina matatu, tukanyamaza. Mwandishi akauliza, wa nne nani? Mtu akajibu haraka, "Yule hakumaliza, endelea." Akaendelea.

Sote tulimjua wa nne. Ni msichana aliyeondolewa shuleni mwaka 1984, miezi michache kabla ya mtihani wa darasa la saba, kwa sababu alikuwa mjamzito. Alitangazwa mbele ya shule nzima asubuhi, akaondoka na daftari zake kichwani. Siku hiyo tuliulizwa darasani kama kuna ajuaye mwanamume ni nani. Baadhi yetu tulijua, maana tulimwona zaidi ya mara moja akiteremka jioni kutoka katika lori. Hakuna aliyesema.

Twaweza kusema tulikuwa watoto, na ni kweli. Mtoto wa miaka kumi na minne hasimami hadharani kumtaja mtu mzima anayeheshimiwa na mji. Lakini mwaka 1986 hatukuwa watoto tena, na lori tulilolipanda kwenda mpirani lilikuwa lile lile. Tulilipanda tukiimba.

Mama mmoja kati yetu alisema jina la mwenzetu litiwe. Hapo ndugu mmoja wa Iringa, mtu mwema, mzee wa kanisa lake, akapinga, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Alisema dada yule sasa ni bibi mwenye wajukuu. Mwanawe wa wakati ule ni mtu mzima zaidi ya miaka arobaini, na hatujui ameambiwa nini juu ya baba yake. Tukimtaja, watu watauliza, na kidonda kilichopona kitachubuliwa. Mtume Petro afundisha kwamba upendo hufunika dhambi. Kumwacha nje ya orodha, alisema, ndiyo huruma.

Tulitawanyika usiku ule bila kukubaliana. Tangu hapo tumelifikiri neno lake, na hivi ndivyo tulivyofika.

Kwanza tuliuliza, upendo wetu ulifunika dhambi ya nani? Mambo ya msichana hayakuwa siri hata siku moja; yalitangazwa kwenye mstari wa asubuhi. Tena tukisema kweli, mtoto wa umri ule alikuwa mkosewa kuliko kuwa mkosaji. Lililofunikwa ni la mwenye lori, na la kwetu sisi tulionyamaza. Kwa hiyo blanketi tuliloliita huruma tulijifunika wenyewe, na aliyekuwa na baridi tulimwacha nje.

Pili, tulikumbuka desturi ya zamani ya Rungwe. Wazee wanajua, na mtaalamu Monica Wilson, aliyekaa na Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliiandika katika kitabu chake cha mwaka 1951. Wavulana wa rika moja walitoka kijijini kwa baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe. Walioa wakiwa humo, wakazeeka pamoja. Jambo walilolipenda kuliko mengine liliitwa ukwangala, yaani kukaa pamoja, kula, kunywa na kuzungumza na wenzako kwa moyo mweupe. Tukiketi uani na kukumbuka shule, sisi nasi twatafuta ukwangala ule ule, hata wale tusio Wanyakyusa kwa damu.

Lakini watu wale wale waliokipenda kikao waliamini pia kwamba maneno ya kikao yana nguvu. Mtu akikosa, na majirani wakamnung'unikia, manung'uniko yao yaliweza kumwangukia kama baridi na kumwugua. Waliyaita pumzi ya watu. Hatusemi Mkristo aiamini habari hiyo ya ugonjwa. Twasema tu kwamba wazee wale walijua jambo ambalo sisi tumelisahau, kwamba maneno ya watu waliokaa pamoja si upepo mtupu. Tena twaongeza kwa upande wetu kwamba pumzi hiyo huweza kumwangukia asiyestahili. Kwa mwenzetu ilikuwa hivyo. Mji mzima ulimpulizia yeye, na mwenye lori hakuhisi hata ubaridi wa asubuhi.

Kuna jambo jingine katika desturi ile. Kijiji cha rika kilikuwa cha wanaume. Mabinti waliingia humo kwa kuolewa tu. Shule ndiyo iliyowakalisha wavulana na wasichana juu ya ubao mmoja na kuwafanya rika moja. Basi tukiandika darasa letu tukawaacha nje wasichana walioondolewa, twarudi kujenga kijiji cha zamani, tena bila adabu zake.

Tatu, tulisoma tena habari ya Yusufu. Twaijua sote tangu shule ya Jumapili, hata hatuisikii tena. Ndugu kumi wanafika Misri kutafuta chakula, na mkuu wa nchi anawauliza habari za kwao. Wanamweleza vizuri tu. Jamaa yao ni ndugu kumi na wawili, baba yao yu hai, mdogo amebaki nyumbani. Juu ya yule mwingine wanasema tu kwamba hayupo tena. Hawasemi tulimwuza. Wanasema hayupo, kama mtu anavyosema mvua haikunyesha. Na wanamwambia Yusufu mwenyewe!

Lakini baadaye kidogo, wakiwa katika hofu, wanageukiana kwa lugha yao wakidhani hakuna anayeelewa, na mara moja wanasema yote: jinsi walivyoona dhiki yake alipowasihi, nao hawakusikia. Miaka mingi imepita. Wana wake na watoto, wana mifugo, wana mambo yao. Hata hivyo kumbukumbu ilikuwa pale pale chini ya ulimi, nzima. Hawakuwa wamesahau, walikuwa wamenyamaza tu, na hayo ni mambo mawili. Tuliposema uani "yule hakumaliza", tulisema kama ndugu wa Yusufu. Hata neno lile "hakumaliza" ni la ujanja, maana lamfanya yeye kuwa mtendaji.

Twafikiri pia juu ya Meza ya Bwana. Kila Jumapili twafanya ukumbusho, na padre anapoanza kutaja yaliyotukia, jambo la kwanza kutajwa ni kwamba ulikuwa usiku wa usaliti. Mkate unafuata. Kanisa lingeweza kuliacha hilo kwa heshima ya Mitume, ambao nao walikuwa marafiki waliokula pamoja, na ambao mmoja aliuza, mwingine akakana, na waliobaki wakakimbia. Halikuliacha. Na katika ungamo letu twataja pia yale tuliyoacha kutenda. Sisi tunaoandika tumelisema ungamo hilo zaidi ya miaka arobaini bila kukumbuka dawati la nne.

Hoja ya ndugu yetu wa Iringa, hata hivyo, imebaki na uzito upande mmoja. Ni kweli hatuna haki ya kuyatoa hadharani maisha ya mtu kwa ajili ya kutuliza dhamiri zetu. Kuna toba yenye kelele ambayo humwumiza mkosewa mara ya pili. Lakini kosa la hoja yake, na la wale waliompinga pia, ni kwamba tulibishana kuhusu huruma anayoihitaji mtu anayeishi mwendo wa saa mbili kutoka pale, na hakuna aliyefikiri kumwuliza. Tulimhurumia kama tulivyomnyamazia, bila yeye.

Sheria za nchi zimebadilika. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wanaweza kurudi masomoni katika mfumo ulio rasmi. Twashukuru. Ila waraka wa Serikali waweza kumrudisha mtoto darasani. Hauwezi kumrudisha mama wa miaka hamsini na kitu katika kumbukumbu za wenzake. Hilo ni letu.

Basi Jumamosi moja wawili wetu tulikwenda Rungwe. Tumemwomba ruhusa kuandika haya, naye amekubali kwa sharti kwamba tusitaje jina lake wala mahali anapouzia ndizi. Alitupokea kwa maziwa ya mgando, akatupa pole za msiba, na tukagundua kwamba anajua habari za darasa letu kutupita sisi. Anajua nani wa Iringa amefiwa na mke, mtoto wa nani amemaliza chuo, nani wa Mafinga ana sukari. Wote wapitao hununua ndizi na kuacha habari. Tulifika kama wachukuzi wa habari za nyumbani, tukatoka tumezichukua kwake.

Tulimweleza habari ya orodha. Akanyamaza kidogo, kisha akasema tumwandike. Asiandikwe kwa jina la mwanawe kama watu wanavyomwita sokoni, alisema. Aandikwe kwa jina lake na la baba yake, kama lilivyokuwa kwenye daftari la mahudhurio. Akatuhesabia mezani fedha ya bati moja, kwa noti ndogo ndogo, akataka tuandike na hilo.

Kisha akauliza kama bado tunapiga hadithi za mwaka 1986. Tukasema ndiyo. Akauliza kama mwenye lori naye tunamtaja. Tukasema ndiyo. Akauliza, "Mnamtaja vipi?"

Hatukumjibu siku ile. Tumelipeleka swali lake Iringa kwa ndugu yetu yule, naye ameomba apewe muda.