Shangazi Ndiye Anayelala Mle

Familia yetu ina grupu ya WhatsApp ambayo kwa kawaida ni ya tanzia, picha za harusi na dua za Ijumaa. Mwaka juzi iliwaka moto wiki mbili nzima kwa sababu ya dari. Nyumba yetu ya mawe kule Pate, anamoishi shangazi yangu peke yake, ilikuwa inavuja. Binamu yangu wa Mombasa akaandika: pigeni kuta simiti, bomoeni dari, wekeni mabati, yaishe. Mimi nikiwa Nairobi, kwenye kochi langu, nikamjibu kwa aya tatu kwamba ile si nyumba tu, ni urithi, na kuitia mabati ni kuiua. Nilipata vidole gumba kumi na kimoja. Shangazi, ambaye naye yumo kwenye grupu, hakuandika kitu.

Nilienda mwezi wa saba, kusi imekaza. Boti kutoka Lamu ilituteremsha Mtangawanda tumelowa hadi kwenye soksi. Baridi ya Pate huwezi kuieleza kwa nambari. Nairobi mwezi huo hushuka hadi nyuzi 12, Pate ni nadra kuwa chini ya 20, kwa hiyo ukiwa mjini unaweza kucheka. Lakini hebu lala mahali ambapo godoro lina unyevu, leso ina unyevu, na upepo wa bahari unaingia na manyunyu.

Usiku wa kwanza nililala ndani. Kwetu "ndani" ni jina la chumba, kile cha mwisho kabisa, ukishapita kiwanda na misana miwili. Nilikuta ndoo mbili, karai, na sufuria ninayoijua tangu utotoni, vyote vimepangwa sakafuni na mtu anayejua kila tone linaanguka wapi. Shangazi alikuwa amejitanda leso mbili juu ya sweta niliyomtumia.

"Hapo usilale, mwanangu," akaniambia. "Hapo mai yaya saa nane."

Saa nane za usiku yakaja.

Sasa, nyumba yenyewe ni ya akili nyingi, na hili silisemi kwa mapenzi tu. Kuta zake zina unene wa karibu nusu mita, matumbawe na chokaa. Ukuta kama huo hupokea joto polepole na kuliachia polepole. Kaskazi inapochoma mwezi wa pili, ndani kunabaki baridi. Kusi ikivuma, hapo hapo ndani hukuti upepo. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti ndiyo iliyoamua upana: mita mbili na nusu, au tatu ukibahatika. Juu ya boriti kuna mawe, juu ya mawe chokaa iliyopondwapondwa mpaka ikashikana. Tofali la simiti la siku hizi halina hata nusu ya unene huo, na chini ya mabati mchana wa kaskazi unaweza kuoka mkate.

Na simiti kwenye ukuta wa chokaa ni balaa lake pekee. Kuna upande wa msana ambao fundi mmoja aliupiga plasta ya simiti miaka kadhaa nyuma, ukapendeza kweli. Ukuta wa matumbawe hunywa maji na kuyatoa tena kupitia chokaa. Ukiufunga kwa simiti, maji na chumvi vinabaki humo vikitafuta njia. Plasta ilifura, ikadondoka na uso wa jiwe. Nilipiga picha nikamtumia binamu, bila maneno. Nilijiona nimeshinda.

Asubuhi nikamwonyesha shangazi ile picha, nikamweleza habari za chokaa. Alinisikiliza huku anamwaga maji ya karai kiwandani. Kisha akasema, bila hasira: "Wapenda kuta, mwanangu."

Nimelibeba neno hilo tangu siku ile. Maana nyumba ya chokaa haikai yenyewe. Inataka ufa uzibwe kabla ya masika, kila mwaka. Inataka boriti ibadilishwe ncha yake ikianza kuoza ukutani, na boriti si kitu cha kuokota: Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya, lakini serikali iliposimamisha ukataji miti mwaka 2018, mikoko nayo ilikumbwa. Inataka fundi anayejua kuchoma na kuiva chokaa, na mafundi hao wanazeeka. Mji wa kale wa Lamu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, angalau huko watu huja na madaftari. Pate haumo.

Kazi hiyo yote zamani aliifanya nani? Hapa ndipo aya zangu tatu zinaponiaibisha. Majumba ya waungwana wa pwani hayakujengwa na waungwana peke yao. Watumwa walivunja mawe, walibeba mikoko, walichoma chokaa, walichota maji. Ule utulivu wa ndani tunaousifia ulikuwa na mtu aliyeulipia kwa mgongo wake, na mara nyingi yeye hakulala humo. Leo anayelipia ni mwanamke wa miaka sabini na kitu mwenye ndoo mbili na karai. Mimi ninayesifia sikuwa nimelipa hata shilingi ya chokaa.

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliyatazama magofu ya Pate zaidi ya miaka 200 iliyopita, akatunga Al-Inkishafi, na kutoka kwenye majumba yale matupu akaionya nafsi yake juu ya dunia. Gofu linafaa kwa mawaidha kwa sababu hakuna mtu ndani yake. Nyumba yenye mtu ni kitu kingine. Huwezi kuifanya fundisho wakati kuna anayekohoa chumba cha pili.

Simaanishi binamu alikuwa na haki. Naye hakumuuliza shangazi. Alitaka tu suala liishe, na nyumba yake ya simiti ingempikia bibi wa watu kila kaskazi. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikuwa tayari kutoa pesa. Nafikiri mtu asiyelala mle, wala asiyechangia, anaweza kuwa na maoni, kama mtalii alivyo na maoni. Haki ya kusema "msiiguse" ni kitu kingine, na inanunuliwa. Mimi nilikuwa nimejipa bure.

Tulipomuuliza hatimaye, shangazi alikuwa na jibu tayari, pengine kwa miaka. Mabati, ndiyo, lakini yapandishwe juu ya dari ya zamani, pawe na nafasi ya kuanika nguo. Dari isibomolewe. Simiti ibanduliwe yote, kuta zirudishiwe chokaa. Boriti nne zibadilishwe. Binamu alilipa mabati. Mimi nalipia chokaa, kila mwaka kabla ya masika, na mwaka huu nilikwenda kuibeba mwenyewe kutoka gatini. Ngozi ya vidole ilinitoka. Shangazi alicheka sana.

Ukitoka mbali unayaona mabati yanametameta juu ya mji, na bado yananiudhi. Mwezi wa nne alinipigia simu katikati ya mvua, akiwa juu anaanua nguo. Sikusikia neno, ngurumo tupu ya bati. Nikamwambia shangazi, teremka. Nikasikia ndara zake kwenye ngazi, halafu msana, halafu kelele ikafifia.

"Sasa niko ndani," akasema. "Niambie, Nairobi kwanyesha?"