Taa Asiyoiona Mwenye Gari

Chai tunywayo kila asubuhi hapa pwani hushuka kwa malori kutoka Kericho na Bomet, na nyingi huja kuuzwa katika mnada uliopo Mombasa tangu mwaka 1969. Basi tusiseme kwamba barabara za huko hazituhusu.

Nchi ile ni ya milima na mvua nyingi, na ukungu huteremka hadi juu ya lami. Tarehe 30 Juni 2023, penye njia panda ya Londiani, lori liliacha njia likawapiga watu waliokuwa kando ya barabara, na waliokufa walipindukia 50. Siutaji msiba huo kwa ajili ya taa, bali tukumbuke uzito wa chuma kinapokosa kizuizi.

Anayelifuata lori katika ukungu hana habari ila ile apewayo na taa nyekundu za nyuma. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kwa sekunde moja. Akichelewa sekunde mbili kufahamu kwamba aliye mbele yake amesimama, mita 44 zimekwisha.

Sasa taa ya breki imekufa, na mwenye lori ajua, lakini husema: "Gari laenda." Na kweli laenda! Hapo ndipo penye mtihani. Taa ya mbele humfaa yeye, kwa hiyo huitengeneza siku ile ile. Taa ya breki haioni. Nuru yake ni haki ya aliye nyuma. Tena wakigongana, lori hudhurika kidogo, na gari dogo ndilo liingialo chini yake.

Ajali ikisha kutokea, husemwa: kadari. Twaiamini kadari, lakini kadari hatukuijua kabla, na taa iliyokufa tuliijua. Mtu huulizwa juu ya alilolijua akaliacha. Mtume ametufundisha kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani. Basi ana hali gani auwekaye?

Wala tusimlaumu dereva peke yake, kwani huenda alisema akatishwa kufukuzwa. Tajiri aliyemtuma ana sehemu yake, na sisi tukodishao lori kwa urahisi wa bei tu tunayo yetu.

Basi, kabla ya kupakia shehena, dereva akanyage breki na utingo asimame nyuma atazame. Kazi hiyo haifiki hata dakika moja.