Toeni Vyombo Nje: Mahubiri kwa Wanaokadiria Porsche za Zamani

Ndugu zangu wa mtaa wa Rohero, nyinyi mnaolala na simu kifuani huku picha za Porsche 911 zinazouzwa Stuttgart, Antwerp na Dubai zikipita mbele ya macho yenu, fungueni leo kitabu cha Walawi, sura ya 14. Wengi huiruka, maana inazungumzia ukoma na ukungu wa kuta. Lakini humo ndimo Mungu anapomfundisha mtu kukagua mali!

Mwenye nyumba ameona doa ukutani, amekwenda kumwambia kuhani. Kabla kuhani hajatia mguu ndani, anaamuru vyombo vyote vitolewe nje. Kisha anaingia, anazitazama kuta tupu: je, yapo mabaka ya kijani au mekundu, nayo yamezama ndani kuliko uso wa ukuta? Siku hiyo haamui. Anaifunga nyumba siku saba, anarudi, anatazama tena. Doa likiwa limeenea, mawe yanang'olewa na kuta zinakwanguliwa. Likirudi tena baada ya hapo, nyumba inabomolewa.

Mabaka mekundu yaliyozama! Nani kati yenu amewahi kuinua zulia la gari asiyajue hayo? Kutu ilihubiriwa jangwani, Ferdinand Porsche hajazaliwa!

Kosa lenu nitalitaja bila kulizunguka: mnakadiria kwa macho yaliyokwisha kununua. Umeona rangi nyekundu inang'aa, umeona taa za mviringo, umesikia kwenye video mlio wa zile silinda sita zinazopozwa kwa hewa, basi bei imeshapanda moyoni mwako na muuzaji hajafungua hata mdomo. Simlaumu mtu kwa kulipenda gari hilo. Tangu lilipoonyeshwa Frankfurt mwaka 1963, likiitwa 901 mpaka Peugeot walipodai kuwa namba zenye sifuri katikati ni zao, umbo lake limekataa kuzeeka. Mimi mwenyewe mlio wake ukipita nitakatiza sentensi, Mungu anisamehe. Lakini kupenda ni kazi ya moyo, na kukadiria ni kazi ya magoti. Pigeni magoti! Pigeni magoti juu ya saruji, mwingize vichwa chini ya gari!

Huko chini ndiko bei iliko. Ni kuanzia modeli ya 1976 ndipo bodi nzima ya 911 ilipoanza kutengenezwa kwa bati lililotiwa zinki. Za kabla ya hapo huliwa polepole kama mkate. Anza mbele, kwenye buti ambako wengine hutarajia injini. Nyanyua zulia, tazama pale betri inapokaa, kwa kuwa asidi imedondoka hapo miaka na miaka. Teremka kwenye vizingiti vya chini ya milango, ugonge kwa kifundo cha kidole. Bati zima hulia, mastiki huguna. Chukua sumaku ndogo uifunge kitambaa, uipitishe taratibu juu ya rangi, na pale itakapokataa kushika, hapo chuma kimekwisha na mtu amepaka mastiki juu ya kaburi. Muuzaji akilalamika kwamba utamharibia rangi, mkumbushe kuwa kuhani alikwangua ukuta wa mtu.

Injini nayo ina mtego wake. Oili ya 911 hukaa katika tangi lake pembeni, nayo hupimwa injini ikiwa ya moto, ikiunguruma, gari limesimama mahali tambarare. Nimeona mtu akichomoa kijiti asubuhi na injini baridi, akakikuta kikavu, akamimina lita mbili kwa haraka ya wema, na jioni moshi ukatangaza habari zake mtaa mzima. Anayekuonyesha kijiti hicho injini ikiwa baridi, ama hajui anachokiuza ama anakijua mno.

Na jueni miaka yenu! Injini ya lita 2.7 ya 1974 hadi 1977 ina kasha la magnesi, na boliti zinazoshikilia vichwa vya silinda hung'oka humo kwa joto. Nasi tunakaa bonde la Imbo, kwenye joto, ndugu zangu; theluji tunaiona kwenye kalenda. Ile ya 911 SC, iliyoanza na modeli ya 1978, ilirudi kwenye kasha la alumini, na Carrera ya 3.2 iliyofuata ni imara zaidi. Kuhusu Porsche 944 nitasema neno moja tu kwa wanaokimbilia bei ndogo: ulizeni mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, kwa sababu ukikatika, valvu na pistoni zinagongana na injini yote ni hasara.

Sasa nifike kwenye amri ya ushuhuda wa uongo. Kwa modeli ya 1973 Porsche walitengeneza Carrera RS 2.7, magari 1,580 tu, yenye mkia mdogo ulioinuka nyuma kama wa bata. Leo gari la kawaida huvishwa mkia ule, huandikwa jina ubavuni, na bei yake huruka mara kadhaa. Huo ni ushuhuda wa uongo uliopakwa rangi! Kwa hiyo soma namba ya chesisi iliyogongwa chini ya zulia la mbele, soma namba ya injini kando ya feni, uzilinganishe na karatasi za kiwandani. Usitumiwe namba kwa ujumbe wa simu. Kama una binamu Liège au Köln, mtume yeye, na umwambie aende na tochi, suti aiache nyumbani.

Kuna na magari yale yaliyoko hapa hapa kwetu, yaliyolala nyuma ya geti miaka mingi. Yakague kwa ukali zaidi. Ziwa lilipopanda na mto Rusizi ukaingia Gatumba, magari nayo yalikunywa maji, na yapo yaliyooshwa na kurudishwa sokoni. Ingiza vidole chini ya kiti, uguse reli zake, ulinuse zulia. Tope lililokauka halina adabu ya kujificha vizuri. Kisha uliza gari limekunywa esansi gani. Tumekaa foleni kwenye vituo mpaka tukasahau tulikuwa tunakwenda wapi, na wengi wakaishia kwenye bidoni zinazovuka kutoka Uvira. SC inatumia mfumo wa Bosch wa K-Jetronic wa kuingiza esansi kwenye injini, na mfumo huo hauvumilii uchafu wala kutu ya tangi hata kidogo. Gari lililoamshwa kwa esansi ya bidoni baada ya miaka mitano ya usingizi litawaka mbele yako, litakupeleka hadi Boulevard de l'Uprona, halafu litakuachia wewe shughuli.

Msije mkadhani hizi ni hofu za Wazungu wenye magereji yenye vigae. Barabara za Afrika Mashariki zilishatoa hukumu zao. Porsche walileta 911 kwenye Safari Rally: mwaka 1972 Sobiesław Zasada wa pili, mwaka 1974 Björn Waldegård wa pili, nyuma ya Mitsubishi Lancer ya Joginder Singh wa Kenya, mwaka 1978 Vic Preston Mdogo wa pili. Na Volkswagen ya mgongo wa mviringo, ndugu yao maskini, ilikuwa imeshashinda tangu miaka ya hamsini! Waldegård alingoja mpaka 2011, akiwa mzee, akaja kushinda Safari Classic kwa 911 ya zamani. Tope halikumuuliza mtu rangi ya gari lake, liliuliza kilichoko chini. Basi ukiuziwa 911 kwa sifa za Safari, dai uonyeshwe mishono ya bodi iliyoimarishwa na makovu ya mawe tumboni. Stika za mlangoni huchapishwa popote.

Nimewaachia la uchungu zaidi. Katika mji huu komisioneri hula asilimia ya bei, na fundi mnayempeleka akague, mara nyingi komisioneri huyo huyo ameshamwahidi chai gari likiuzwa. Mnataka jicho hilo lione kutu? Litaionaje, na kutu ndiyo inayolinyang'anya chakula? Teremkeni Buyenzi, kwenye zile avenyu zenye namba, mtafute fundi aliyechafuka, mmlipe kabla hajafungua boneti, na ujira wake uwe ule ule gari likinunuliwa au likiachwa. Kisha rudini nyumbani, mkae zile siku saba. Muuzaji atasema yupo mteja mwingine anakuja kesho na fedha taslimu. Mwacheni aje!

Nanyi mafundi, neno "iko sawa" liondoeni midomoni mwenu. Semeni iliyo sawa ni nini, na isiyo sawa ni nini, mkiandika.

Na wewe mnunuzi mwerevu, usicheke. Mithali inakujua: unaidharau bidhaa mbele ya mwenyewe, halafu ukishageuka kona unajisifu. Akiwapo Rohero mjane ambaye marehemu mumewe alimwachia Mercedes SL ya miaka ya sabini chini ya mwembe, ukaingia uani kwake, ukapiga teke tairi na kusema, "Mama, hiki ni chuma chakavu, nakusaidia tu kukiondoa," umeiba mchana, na asali midomoni! Piga magoti pale pale uani, kagua kama ulivyofundishwa, kisha simama umwambie: "Mama, namba ya chesisi ni ile ile ya karti rozi ya usajili, sakafu ni nzima, hili ni gari la thamani." Hapo ndipo utaje bei yako. Na kama fedha hizo huna, mpeleke kwa aliye nazo.